Konokono wa Paisley na Majirani wa Eldoret

Kitu cha kwanza ambacho mwanafunzi wa sheria hapa Eldoret hufundishwa kuhusu ujirani ni konokono. Si jirani wa Langas, si wa Huruma, si wa Munyaka. Konokono, tena aliyeoza, ndani ya chupa ya soda ya tangawizi, katika mji wa Paisley kule Uskoti, jioni ya Agosti 26, 1928.

Kama hujawahi kukaa darasa la sheria, nivumilie kidogo. Mama mmoja, May Donoghue, aliingia mkahawa wa Wellmeadow na rafiki yake. Rafiki ndiye aliyelipa. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, huoni ndani. Mama Donoghue akanywa, rafiki akamimina iliyobaki, na hapo likaelea kitu ambacho baadaye kilisemekana kuwa mabaki ya konokono. Tumbo likamsumbua, akatibiwa. Sasa shida ilikuwa hii: hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Aliyenunua ni rafiki. Mwenye mkahawa aliuza chupa iliyofungwa kama alivyoipokea. Mwenye kiwanda, David Stevenson, alimuuzia mwenye mkahawa, hakumuuzia mama huyu. Kwa jinsi sheria ilivyoeleweka siku hizo, huna mkataba, huna la kudai, labda kwa mambo machache kama bunduki au sumu.

Alishtaki hivyo hivyo, kama fukara asiyeweza kulipa gharama. Wakili wake, Walter Leechman, alikuwa ametoka tu kushindwa katika kesi nyingine za aina hiyo, ambazo chupani palisemekana kuwa na panya. Napenda sana habari hiyo ya panya. Mtu amepigwa chini na panya, anarudi mahakamani na konokono.

Mei 26, 1932, majaji watano wa Bunge la Malodi, ambalo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, waligawanyika watatu kwa wawili, na mama akashinda. Bwana Atkin aliuchukua mfano wa Msamaria Mwema na kuugeuza kuwa kanuni ya mahakama. Kwa maneno yangu mimi: jirani yako kisheria si lazima awe wa ploti moja nawe. Ni yule ambaye tendo lako linaweza kumfikia kwa ukaribu kiasi kwamba ulipaswa kumfikiria kabla hujatenda. Mwenye kiwanda alipaswa kumfikiria mnywaji asiyemjua.

Wanaokariri kesi hii usiku wa kuamkia mtihani huwa hawajui vitu viwili. Kwanza, Waskoti hawana hata neno torti. Wao huiita delikti, kwa hiyo kesi mama ya torti ilizaliwa kwenye nyumba isiyotumia jina hilo. Pili, hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba konokono alikuwepo. Malodi waliamua tu swali la sheria: kama kweli alikuwepo, je, mama ana kesi? Stevenson akafariki mwaka huo huo, na mambo yakamalizwa kwa maelewano nje ya mahakama. Karibu karne moja tunamjadili mnyama ambaye ushahidi wake haukusikilizwa kamwe.

Torti, basi. Watanzania wana jina zuri zaidi, sheria ya madhara, na ningependa tuwaibie. Ni ile sehemu ya sheria inayoshughulikia mtu aliyemuumiza mwenzake bila kuwepo mkataba kati yao, na iwe ni jinai au si jinai, aliyeumizwa anadai alipwe. Boda boda akikugonga pale Uganda Road, polisi wanaweza kumshtaki kwa uendeshaji mbaya, na serikali ikichukua faini, faini hiyo si yako. Mguu ni wako. Ili mguu ulipwe, unafungua kesi ya madai wewe mwenyewe, na katika uzembe unajibu maswali manne: alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwako? Aliuvunja? Huko kuuvunja ndiko kulikokuumiza? Umepata hasara gani? Mengine yote ya muhula, kuingia shamba la mtu bila ruhusa, kero ya moshi na kelele, kumharibia mtu jina, yana maswali yake, lakini mwanafunzi akishika haya manne anaweza kulala.

Kilichonisumbua mimi tulipokuwa tukisoma katika kampasi ya Annex ni swali ambalo silabasi huligusa kwa aya moja kisha ikaendelea: huyu konokono alifikaje hapa?

Njia aliyopitia ina tarehe. Agosti 12, 1897. Ukifungua Sheria ya Mahakama ya mwaka 1967, kifungu cha 3, utaikuta bado imekaa hapo: mahakama za Kenya zitafuata Katiba, kisha sheria zilizotungwa na Bunge, na pale ambapo hizo hazisemi kitu, zitafuata sheria ya Kiingereza iliyojengwa na majaji kesi baada ya kesi, kanuni zao za haki, na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza siku hiyo. Kuna sharti limefungwa mwishoni, kwamba hayo yatumike kadiri hali ya Kenya na wakazi wake inavyoruhusu. Tutarudi kwa hao wakazi.

Fikiria Agosti 12, 1897 mahali hapa ninapoandikia. Hakuna Eldoret. Kuna nyanda, kuna ng'ombe, na kusini-magharibi kuna Wanandi walio katikati ya vita na Waingereza vilivyoanza 1895 na ambavyo havitaisha mpaka kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, apigwe risasi Oktoba 19, 1905 kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Makaburu wa Van Rensburg watapanda na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe mwaka 1908. Posta itajengwa kwenye shamba namba 64, na mji utaitwa kwa namba hiyo, jina ambalo midomo ya wenyeji iliigeuza kuwa Sisibo na ambalo wazee bado wanalitumia. Eldoret kama jina rasmi ni 1912. Kwa hiyo sheria yetu ina umri mkubwa kuliko mji wetu. Ilishafika, kwenye karatasi, kabla ya yeyote kujua itamlinda nani dhidi ya nani.

Kwa nini torti ilikuja ya Kiingereza tupu ilhali mikataba na jinai zilikuja kwanza kupitia India? Jibu ni la kiofisi tu. Waingereza walikuwa wameandika kanuni za India za jinai na za mikataba, wakazileta Afrika Mashariki zikiwa tayari. Ile ya mikataba ilitumika Kenya hadi mwanzo wa 1961. Ya torti hawakuwahi kuipitisha India. Rasimu ilitayarishwa miaka ya 1880 ikaishia kabatini. Basi hakimu wa kikoloni akikuta kesi ya ng'ombe walioharibu shamba la mahindi la mzungu, alifungua vitabu vya kesi za Uingereza. Na rufaa zilipopanda, zilipanda mpaka London. Konokono wa 1932 hakuhitaji viza. Wasomi wanaweza kubishana kwamba tarehe ya 1897 inafunga mlango kwa kesi za baadaye. Mahakama kwa kawaida zimesoma kwamba tarehe inazibana zile sheria zilizoandikwa tu, na kesi zikaendelea kuingia.

Sasa wale wakazi. Watu wa nyanda hizi hawakuwa wamekaa wakisubiri Paisley iwafundishe kwamba ukimuumiza mtu unalipa. Miongoni mwa Wanandi baraza la kokwet lilisikiliza kesi za majirani, na malipo yalihesabiwa kwa mifugo. Mwingereza mmoja, G. S. Snell, aliandika kitabu kizima kuhusu sheria za kimila za Wanandi, kikachapishwa 1954. Baada ya uhuru, Eugene Cotran alizunguka akikusanya sheria za kimila za makabila ya Kenya na kutoa juzuu mbili: ya ndoa na talaka 1968, ya urithi 1969. Ya madhara haikufuata.

Na Bunge lilikuwa limeshaamua. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1967 iliorodhesha madai ambayo hakimu angeweza kuyaamua kwa mila: ardhi ya kimila, ndoa, talaka na mahari, mimba ya msichana asiyeolewa, kumtorosha mke wa mtu au kuzini naye, hadhi ya wanawake na watoto, urithi. Mwaka 1970 Mahakama Kuu ilisema orodha hiyo imefungwa. Madai mengine ya torti na ya mikataba hayamo. Soma orodha tena polepole. Mila iliachiwa wanawake, mashamba na maiti. Ukivunjwa mguu, wewe ni mtu wa 1897.

Sisemi kokwet ilikuwa pepo. Baraza la wanaume wazee halikuwa mahali pazuri kwa kila aliyeumizwa, hasa kama aliyemuumiza ni wa ukoo wenye nguvu na yeye ni mke wa kuolewa kutoka mbali. Ila kitu kimoja ilikuwa nacho ambacho mahakama haina, nacho ni kwamba mtu aliijua ilipo. Hakuna aliyehitaji kusoma ilani ili ajue wazee hukaa chini ya mti upi.

Nikiwa mwaka wa tatu, mama mmoja jirani yetu Langas alinisimamisha nikitoka kununua maziwa. Mtu akishajua unasoma sheria, umeshakuwa wakili. Hakuna cha kueleza kwamba bado unapambana na mitihani. "Wakili," akaniambia, "shikamoo huniamkii siku hizi?" Nikamwamkia. Akatoa mfuko wa nailoni uliojaa karatasi: fomu ya polisi, karatasi za hospitali, picha za eksirei ya nyonga. Pikapu ilikuwa imemgonga akienda sokoni alfajiri na gunia la sukuma. Jamaa fulani, sijui ni wakala wa nani, alimfuata hadi wodini, akachukua nakala za kila kitu, akamtia sahihi, akapotea. Mama akangoja. Alikuwa akichechemea akingoja.

"Ni lini hiyo, mama?"

Akataja mwezi na mwaka. Nilihesabu kimya kimya. Miaka mitatu na miezi minne.

Sheria ya Ukomo wa Madai inasema kesi ya torti ifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Mlango wa dharura upo, kifungu cha 27: mahakama inaweza kuongeza muda kwa aliyeumia mwili ikiwa kulikuwa na jambo la msingi asiloweza kulijua, mathalani ugonjwa wa mapafu uliojificha kwa miaka baada ya kazi ya kiwandani. Lakini huyu mama alijua yote. Alijua gari, alijua siku, alijua nyonga. Asichokijua ni kwamba saa ilikuwa inatembea, na kutoijua saa hakuhesabiwi. Nilimpeleka kwa wakili wa kweli mjini, akaniambia kile nilichokuwa nimekisoma. Mama aliikunja ile mifuko vizuri, akairudisha ndani ya kikapu. Hakulia. Akaniuliza tu, "Sasa huyo aliyenigonga amesamehewa na nani?"

Tangu hapo niliacha kuisoma torti kama masomo ya konokono na wajibu. Nikaanza kuisoma kama masomo ya saa. Na kesi kubwa zaidi ya saa katika historia yetu haikusikilizwa Kenya.

Mwaka 2009 wazee watano walifungua kesi London dhidi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Walikuwa wamezuiliwa katika kambi za miaka ya 1950 wakati wa vita vya Mau Mau, na walieleza waliyotendewa: vipigo, kuhasiwa, kunajisiwa kwa vyombo. Mmoja alifariki kesi ikiendelea. Kesi ilibeba jina la Ndiku Mutua. Hatimaye uamuzi wa mwisho uliwahusu watatu: Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara.

Watu husimulia kesi hii kama ya haki za binadamu. Ukiifungua, ni torti. Shambulio la mwili, na uzembe: kwamba serikali ya London ilijua kinachoendelea kambini, ilikuwa na uwezo wa kukizuia, na ilikuwa na wajibu kwa wale waliofungiwa. Yaani swali la Paisley. Je, mzee wa kambini alikuwa jirani wa waziri aliyekaa London? Sheria ile ile iliyoletwa na meli 1897 ilirudishwa kwao na watu ambao haikuletwa kwa ajili yao.

Uingereza ilijitetea mara mbili. Kwanza ilisema deni lote lilihamia kwa serikali ya Kenya Desemba 12, 1963, pamoja na bendera. Julai 21, 2011 Jaji McCombe alikataa kuitupa kesi. Hoja za wazee, ile ya uzembe ikiwemo, zilistahili kusikilizwa. Kisha ikasema wamechelewa. Hapo kweli walikuwa wamechelewa, zaidi ya nusu karne, ingawa sehemu ya kuchelewa huko si siri: marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilikuwa bado kwenye vitabu vya Kenya mpaka 2003. Mwaka 2011 ndipo ilipokiriwa kwamba majalada ya makoloni yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, yakiwemo ya Kenya kama 1,500. Wanahistoria walioitwa kutoa ushahidi, David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, waliyachambua. Oktoba 5, 2012 McCombe akatumia uwezo ambao sheria ya Uingereza humpa jaji wa kuuweka ukomo kando: karatasi zipo nyingi, kesi ya haki bado inawezekana, endeleeni.

Juni 6, 2013 waziri William Hague alitangaza bungeni malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, gharama za mawakili zikiwa ndani. Alisema serikali yake inasikitika. Alisema pia haikubali kuwajibika kisheria. Gawanya mwenyewe kabla hata hujatoa gharama: kama pauni 3,800 kwa kila mtu.

Kisha sehemu ambayo haikupata sherehe. Zaidi ya Wakenya 40,000 wengine walifungua kesi yao. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya London, chini ya Jaji Stewart, iliwakatalia: muda umepita, mashahidi wamekufa. Saa iliyosimamishwa kwa watatu haikusimama kwa elfu arobaini.

Nyumbani, saa ya kumshtaki serikali kwa torti ni fupi kuliko ya yule wa pikapu. Sheria ya Ukomo kwa Mamlaka za Umma inakupa miezi kumi na miwili. Waliozuiliwa na kuteswa Nyayo House miaka ya themanini na tisini wangefanya nini, waende mahakamani ndani ya mwaka mmoja, mbele ya serikali ile ile? Walipita dirishani. Waliacha torti wakashtaki kwa kuvunjiwa haki za Katiba, ambazo hazina ukomo ulioandikwa, na Julai 2010 Mahakama Kuu ikawapa fidia watu 21 kwa mpigo. Walifuatwa na wengine wengi. Ndiyo maana leo mhadhiri akifundisha kupigwa na kufungiwa bila haki, nusu ya kesi za Kenya anazotaja si za torti kabisa. Torti ilikuwa imefungwa.

Na hapa Eldoret hatuwezi kusema neno jirani bila kukumbuka Januari 2008. Kiambaa, kanisa lililochomwa siku ya mwaka mpya na watu waliokimbilia humo ndani, ni safari fupi kutoka mjini. Uwanja wa maonyesho uligeuka kambi ya mahema. Darasani kwetu walikuwepo waliokuwa watoto pande zote za jambo hilo, na tulipofika kwenye kanuni ya Atkin hakuna aliyeuliza swali. Tulinakili tu ubaoni. Mimi naamini ndiyo ilikuwa siku pekee darasa zima lilielewa kesi hiyo.

Wachache walifika mahakamani. Mwaka 2013 manusura wanane wa ubakaji wa kipindi kile, pamoja na mashirika, waliwasilisha ombi la kikatiba, tena kupitia dirisha lile lile. Desemba 10, 2020 wanne kati yao walipewa shilingi milioni 4 kila mmoja, kwa sababu serikali ilishindwa kuwalinda au kuchunguza. Wanne wengine hawakupata kitu.

Kwa wengi waliopoteza nyumba, ile njia ya kawaida ya torti dhidi ya serikali iliyoshindwa kuwalinda ilikuwa na hesabu rahisi. Ripoti ya Tume ya Waki, iliyoeleza nani alijua nini na polisi walikuwa wapi, ilikabidhiwa Oktoba 15, 2008. Aliyechomewa nyumba Januari 1 alikuwa amebakiwa na wiki kumi na moja.